Listi ya namba milioni 8 kwa laptopu ya RAM 4GB: nikibadilisha umbo mashine inaganda, na jumla hazitoki sawa

karani_njoro (Njoro, Nakuru)

Hamjambo wadau, naomba msaada, hii kitu imenisumbua wiki mbili na wakulima wananingoja. Mimi ndo naweka hesabu za maziwa za chama cha ushirika huku kwetu, tuko na wanachama 4,000, kila mtu anapima asubuhi na jioni, na nimepewa rekodi za miaka mitatu, 2021 mpaka 2023, faili moja kwa kila kipindi, yaani faili 2,190. Kila faili ina namba ya mwanachama na kilo zake, asiyeleta namba yake iko lakini kilo zimeachwa wazi. Mimi nikaunganisha zote nikabakisha kilo peke yake, mstari mmoja namba moja, zimefuatana siku ya kwanza asubuhi mwanachama 1 mpaka 4,000, halafu jioni yake 1 mpaka 4,000, halafu siku ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Siku 1,095 mara vipindi 2 mara watu 4,000, inafaa kuwa 8,760,000.

Nilianza na Python hivi:

```
mistari = open('maziwa.txt').readlines()
kilo = [float(x) if x.strip() else -1.0 for x in mistari]
siku = [kilo[i:i+8000] for i in range(0, len(kilo), 8000)]
kwa_mtu = list(zip(*siku))
```

Ikifika huo mstari wa mwisho laptopu inaganda kabisa, taa ya diski inawaka tu, mausi haisongi, nimezima kwa nguvu mara tatu. Ni ya mtumba, RAM 4GB.

Halafu kijana mmoja tulisoma naye akaniambia hiyo kazi ya kubadilisha umbo la listi ni ya lugha za arei, yaani lugha za programu zinazoshika meza nzima ya namba kwa mpigo, niende APL ama J. Nikaweka J, nikaandika `1095 2 4000 $ kilo` na ikakubali papo hapo, nikafurahi sana. Lakini kuangalia vizuri jumla za 2023 zimeharibika. Kuna mama namba 3,006, ana ng'ombe wawili, ni kilo 14 hivi kila siku, huyo mama hakosi hata siku ya mvua. Kwa meza yangu anaonekana hajaleta hata tone mwaka wote wa 2023, na namba 3,005 ambaye aliuza ng'ombe zake 2021 ndo anaonekana analeta kilo 14 kila siku. 2021 iko sawa. Huyo mama nikimpeleka kwa orodha ya malipo hivyo nitamdhulumu na ni mtu anasomesha watoto na hayo maziwa.

Kwa hivyo maswali ni mawili, memori inaenda wapi na J imefanyia hizo namba nini.

bonde_la_ufa (Nakuru)

Ongeza RAM ifike 8GB, fundi yeyote wa kompyuta hapa mjini atakuwekea saa hiyo hiyo. Hiyo data si kubwa hivyo.

jakisumo (Kisumu)

Bonde, ni kweli data si kubwa, ndo maana kununua RAM ni kupoteza pesa. Karani wacha nikuonyeshe zimeenda wapi, manake mimi pia nilipitia hapo nikidhani ni mashine.

Listi ya Python haiweki namba ndani yake. Inaweka anwani, kila anwani baiti 8, na namba yenyewe imekaa mahali pengine kabisa kwa memori ikiwa kitu kizima cha baiti 24 sababu Python inabeba pia aina yake na hesabu ya wanaoitumia. Sasa piga, milioni 8.76 mara 8 ni megabaiti 70, mara 24 ni megabaiti 210, jumla 280. Na hiyo ni `kilo` peke yake. Hiyo `mistari` bado iko hai juu hujaifuta, kila kamstari ka herufi tatu kanakula kama baiti 50 kakiwa peke yake, ukiongeza anwani zake hapo imeenda nusu gigabaiti nzima. `siku` inakopi anwani zote tena, 70 ingine. `kwa_mtu` 70 ingine. Umekaribia gigabaiti moja, na Windows na kivinjari zimeshakula sehemu yao kubwa kwa zile nne, kwa hivyo mashine inaanza kurusha memori kwa diski, na `zip` inaruka kutoka listi hadi listi mara 1,095 kwa kila mtu kwa kila kipindi, kila ikiruka inahitaji kipande kile kilichorushwa. Hapo ndo taa ya diski inawaka bila kuzima.

Kumbe kilo zako zenyewe, kama mzani wako unasoma nukta moja kama 7.4, ziandike 74. Namba nzima ya bits 16 inafika mpaka 32,767, yaani kilo 3,276.7 kwa kipindi kimoja, hakuna mwanachama wenu anafika hapo. Hiyo ni baiti 2. Milioni 8.76 mara 2 ni megabaiti 17.5. Miaka mitatu ya maziwa ya watu 4,000 inaingia kwa nafasi ndogo kuliko video moja ya WhatsApp ya harusi.

```
import numpy as np
def soma(jina):
    for x in open(jina):
        x = x.strip()
        yield round(float(x)*10) if x else -1

a = np.fromiter(soma('maziwa.txt'), dtype=np.int16)
print(a.size)
m = a.reshape(1095, 2, 4000)
```

Hiyo `yield` inasoma mstari mmoja inautupa, hakuna listi inajengwa hapo katikati. Na `reshape` haigusi data hata kidogo. Fikiria mitungi imepangwa mstari mmoja ukutani pale kituoni. Karani akisema leo nahesabu nne nne, kesho nahesabu sita sita, hakuna mtu anabeba mtungi, kinachobadilika ni daftari. Arei ya NumPy (ile maktaba ya Python niliyoiita `np` hapo juu) ni mitungi pamoja na daftari, na daftari ni ndogo sana, ina umbo, ina aina ya namba, ina mahali mstari unaanzia, na ina hatua, yaani uruke baiti ngapi ufike kipindi kinachofuata. Ukibadilisha umbo unapata daftari jipya kwa mitungi ile ile. Angalia `np.shares_memory(a, m)`, itakuambia True. Kwa hivyo kubadilisha umbo hakukulii memori kamwe.

Hiyo ya J sijui vizuri, ngoja wenyewe waje.

mwalimu_kakamega (Kakamega)

Mulembe ndugu zangu. Mimi nafundisha hesabu na J natumia karibu kila siku, kwa hivyo nitashika hilo swali la pili kwanza kwa sababu la memori lina mwenyewe, na hilo la pili ndilo lenye mtu ndani yake.

Karani, nenda kwa J uandike `# kilo`, inahesabu namba ziko ngapi. Naamini haitakupa 8760000. Itakupa pungufu, na nadhani ni pungufu ya moja.

Sababu ni hii. Kwa J ukiandika `5 $ 1 2 3` jibu ni `1 2 3 1 2`. Zikipungua anarudi mwanzo anajaza, zikizidi anakata, na hasemi lolote. APL na alama yake ya rho ni vilevile. Si kasoro, ilikusudiwa tangu mwanzo, Kenneth Iverson, aliyeianzisha APL, aliuandika huo mwandiko kwa kitabu chake cha 1962 kabla haujawa hata lugha ya kompyuta, na ilipofika 1966 watu wa IBM wakauendesha kwa mashine, na nafasi ya kazi ya mtu mmoja ilikuwa kilobaiti makumi machache tu. Unataka meza ya sifuri, unaandika `3 4 $ 0` na umemaliza, ile sifuri moja inazunguka kujaza kumi na mbili. Inapendeza sana na mimi naitumia daima. Ila ukileta namba za watu ambazo idadi yake hujaihesabu, itajaza pengo la mwisho na maziwa ya mwanachama wa kwanza wa siku ya kwanza, na wewe utaona umbo ni lile uliloomba ukadhani kazi imeenda vizuri.

NumPy ingekukatalia, ingesema siwezi kuweka vitu 8,759,999 kwa umbo la 1095, 2, 4000. Kwa hilo naisifu.

Sasa ona vile mama wako alivyopotea. Tuseme kuna kipindi kimoja mwaka 2022 ambacho namba ya mtu mmoja haikuandikwa kabisa, si kilo kuachwa wazi, mstari wenyewe haupo. Ulipounganisha ukibakisha kilo peke yake, kila mtu baada ya hapo alisonga nafasi moja nyuma. Maziwa ya 3,006 yakaingia kwa 3,005. Na 3,006 akapewa ya 3,007. Angalia namba 3,007 kwa daftari lako, nadhani ni mtu aliyeacha kuleta. Kama ni hivyo basi kila mtu wa mwaka mzima wa 2023 ana maziwa ya jirani yake, si huyo mama pekee, yeye ndiye tu ameonekana kwa sababu amepakana na watu wawili wasio na ng'ombe.

Dawa yake, usiunganishe kwa mpangilio wa mistari. Rudi kwa zile faili 2,190, hesabu mistari ya kila moja, ile isiyofika 4,000 ndiyo yenye shida. Halafu kila kilo iweke kwa namba ya mwenyewe, si kwa zamu ya mstari. Tengeneza kwanza sanduku zima la umbo kamili likiwa na -1 kila mahali, kisha jaza:

```
m = np.full((1095, 2, 4000), -1, dtype=np.int16)
for s, k, jina in mafaili:
    for mstari in open(jina):
        namba, kg = mstari.split(',')
        if kg.strip():
            m[s, k, int(namba)-1] = round(float(kg)*10)
```

Hapo hata mstari ukikosekana anaathirika yule mmoja kwa kipindi kile kimoja, na memori haipiti zile megabaiti 17 na nusu tangu mwanzo mpaka mwisho, manake hakuna kitu unajenga mara mbili.

Na jambo moja la J kwa yeyote atakayepita hapa akitoka APL. `$` ya J haifanyi kazi kwa namba moja moja, inafanya kwa vipande vya nje. Ukiwa na meza `t` ya safu 2 za namba tatu tatu, ukaandika `4 $ t`, J atakupa safu nne, zile mbili zikirudiwa. APL angenyoosha kwanza akakupa namba nne. Kwa J ukitaka ya APL unaandika `4 $ , t`, ile koma ndiyo inanyoosha. Nimewahi kukaa jioni nzima na hiyo koma.

nyar_dunga (Kisumu)

Mwalimu umemaliza hilo swali la pili vizuri sana. Omera jakisumo nakurekebisha mahali pamoja, umesema kubadilisha umbo hakuli memori kamwe, hapo si kweli na itamuuma karani pindi tu atakapotaka meza ya kila mkulima.

`m` yake ya (1095, 2, 4000) kwa baiti 2 ina hatua (16000, 8000, 2). Kufika mtu anayefuata ruka baiti 2, kufika kipindi kinachofuata ruka 8000, siku inayofuata 16000. Sasa anataka mkulima awe mbele. Akifanya `m.transpose(2,0,1)` anapata (4000, 1095, 2) na hatua (2, 16000, 8000), bado ni daftari tu, mitungi haijasonga. Akiongeza `.reshape(4000, 2190)`, NumPy anauliza je naweza kuunganisha siku na kipindi kuwa mhimili mmoja wenye hatua moja? Hatua ya siku ni 16000, ya kipindi ni 8000, na vipindi ni 2, 2 mara 8000 ni 16000, zinafuatana, kwa hivyo ndio, anakupa hatua 8000 na hakuna kopi.

Lakini akipanga asubuhi zote kwanza halafu jioni zote, `m.transpose(2,1,0).reshape(4000, 2190)`, hapo hatua ni (2, 8000, 16000). Kutoka siku hadi siku anaruka 16000, akimaliza siku 1,095 za asubuhi inabidi arudi nyuma karibu mwanzo aanze jioni. Hakuna hatua moja inayoweza kusema hivyo. NumPy anabeba mitungi yote anaipanga upya mahali papya, na hakuambii. Kwa baiti 2 ni megabaiti 17.5 hutajua, lakini ungekuwa na float (namba za nukta) za baiti 8 ni 70, na mwenye data mara mia yake inamwangusha. Kujua, uliza `np.shares_memory` baada ya kila hatua kama hujazoea kusoma `.strides`.

Na hata ile isiyokopi ina bei yake. Ukisoma mkulima mmoja kwa (4000, 2190) ya daftari tu unaruka baiti 8000 kila namba, na prosesa huvuta memori kwa vipande vya baiti 64, yaani unavuta 64 kutumia 2. Kama utapitia kila mkulima mara nyingi, afadhali ukopi mara moja kwa kusudi na `np.ascontiguousarray`, lipa hizo megabaiti, halafu kila mtu amekaa pamoja. Kama ni jumla ya mara moja, wacha ilivyo. J na Dyalog (moja ya APL za siku hizi) hawana hizi hatua kabisa, ukigeuza meza wanabeba mitungi kweli, na kwa kubadilishana na hiyo bei kila arei yao imenyooka, hakuna kuruka.

Mimi kazini natumia q, lugha ingine ya arei, na huko ni hadithi ingine kabisa. q haina arei ya mihimili mingi. Meza ni listi ya listi, kila safu ni kitu chake chenye kichwa cha baiti 16, na memori inatolewa kwa vipimo vinavyoongezeka maradufu, yaani 32, 64, 128 kwenda juu. Kwa hivyo umbo unalochagua ndilo memori yako. `2190 4000#kilo` na short za baiti 2, kila safu ni 8,000 na kichwa 16, inakaa kwa 8,192, unapoteza baiti 176 tu kwa safu. Lakini ukikata asubuhi na jioni mbili mbili kwa kila mtu, unapata visafu milioni 4.38, kila kimoja kina data baiti 4 na kichwa 16, inakuwa 20, inapewa 32, ongeza anwani ya 8 kwa listi ya nje. Arobaini mara milioni 4.38 ni megabaiti 175, kwa data ya 17.5. Mara kumi, na namba ni zile zile. Nilirithi programu iliyoandikwa hivyo na kila wiki ilikuwa inaanguka, nilichofanya ni kuweka mhimili mrefu ndani na mfupi nje, basi.

jakisumo

Nyar Dunga uko sahihi na nashukuru, nimejaribu saa hii hiyo ya (2,1,0) na `shares_memory` imesema False. Nilikuwa najua ya `flatten` kwamba inakopi daima na `ravel` inakopi ikilazimika, lakini sikuwa nimeunganisha kwamba `reshape` ni vilevile na sababu ni hatua kutofuatana. Karani chukua ya dada.

Kuna ingine pia kwa upande huu. Ukichukua kipande, tuseme `wiki = m[-7:]`, halafu ukafuta `m` na `del`, zile megabaiti hazirudi, sababu `wiki` ni daftari linaloshikilia mitungi yote. Ukitaka kubaki na wiki peke yake andika `m[-7:].copy()`.

mwalimu_kakamega

Naongeza kidogo kwa ile meza ya nani alileta na nani hakuleta, kwa sababu vyama vingi huitumia kupanga bonasi. Hiyo ni ndio au la tu. NumPy anaiweka baiti moja kwa kila jibu, megabaiti 8.76. Dyalog APL anaiweka bit moja, nane kwa baiti, kwa hivyo siku zote na watu wote ni baiti 1,095,000, na anafanya hivyo mwenyewe bila kuambiwa, kama vile namba nzima zikitosha baiti 1 au 2 anazipunguza mwenyewe. Ukiwa nayo unaweza kumuuliza kwa `⎕SIZE`. Kwa NumPy utatumia `packbits`, lakini hapo umbo utalishika wewe kichwani.

karani_njoro

Wadau asanteni sana, sijui niseme nini. Mwalimu, `# kilo` ilisema 8759999. Nikarudi kwa zile faili nikahesabu mistari, zote 4,000 isipokuwa moja, jioni ya tarehe 14 Novemba 2022, ina 3,999, namba 2,718 hayuko, inatoka 2,717 inaenda 2,719. Na 3,007 ni kweli, alihama akaenda Molo mwaka huo huo 2022. Kwa hivyo watu wote wa 2023 walikuwa na maziwa ya jirani na ningelipa hivyo.

Nimejaza kwa namba ya mwenyewe kama ulivyosema. Python yote nikiangalia kwa kidhibiti cha kazi iko chini ya megabaiti 100 na kivinjari kimefunguliwa kando na mashine haijakohoa. Ile meza ya kila mkulima nimefanya (2,0,1), na imesema True.

Sasa imebaki kitu kimoja. Nimezidisha na bei, tuseme 45 kwa kilo, `m * 45`, na kuna mkulima mkubwa mmoja, siku zake zingine zinatoka hasi. Asubuhi moja ameleta kilo 80 na inaniambia -29,536. Wengine wadogo wako sawa.

nyar_dunga

Ni zile bits 16. Kilo 80 umeiandika 800, 800 mara 45 ni 36,000, na kikomo ni 32,767, inazunguka upande wa pili, 36,000 toa 65,536 ni hiyo -29,536 yako. NumPy hapanui aina wala halalamiki kwa kuzidisha arei na namba moja. Baiti 2 ni za kuwekea kilo, si za kupigia hesabu ya pesa. Na zile -1 zako pia umezizidisha, asiyeleta anatokea na -45.

Jumlisha kwanza, zidisha mwisho:

```
jumla = m.sum(axis=(0,1), dtype=np.int64, where=m>=0)
hela = jumla * 45 / 10
```

`jumla` ni namba 4,000 tu, hapo unaweza kutumia baiti 8 bila wasiwasi. `where` inaacha nje wasioleta. Itatengeneza ile meza ya ndio na la ya megabaiti 8.76 kwa muda halafu inaitupa. Ukitaka mwezi mmoja kata siku kwanza, `m[s1:s2]`, kukata hakukopi. Na kama bei ilibadilika katikati ya miaka, fanya kipande kwa kipande kila bei na siku zake, usizidishe yote pamoja.

bonde_la_ufa

Nimesoma yote. Nami naondoa ile ya RAM. Karani wewe kwa faili za mwaka huu mwambie anayeandika pale kwa mzani asifunge kipindi kabla mistari haijafika 4,000, hiyo inaweza kuangaliwa na hata simu.

karani_njoro

Imetoka. Namba 3,006 nimelinganisha na risiti zake za Januari 2023 siku kwa siku, asubuhi na jioni, zote zimekubali. Yule mkulima mkubwa pia hana hasi tena, na bei nimezipasua mara tatu kwa vile zilibadilika mara mbili.

Imebaki huyo 2,718 wa jioni ile moja. Kwa meza yake pameandikwa -1 na mimi siwezi kujua alileta ama hakuleta. Nimepata namba yake ya simu kwa daftari la zamani, nitampigia kesho asubuhi baada ya kukamua aniangalizie kama risiti ya siku hiyo bado anayo.